Mpigapicha wa Harusi na Paka Mweusi

Mtu akishavuka miaka hamsini, watu wa mjini humtazamia atulie. Kazi aliyoishi nayo ndiyo atakayomalizia nayo. Fundi cherehani hageuki seremala, wala mvuvi hawi kinyozi. Ndiyo sababu mwaka 2012, katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, palizuka kicheko kilichopita baraza hadi baraza. Yule mama mpigapicha wa maharusi, ambaye ni nyumba chache za heshima ambazo hakuziingia na kamera yake, ameonekana mtaa wa Mkunazini amelala kifudifudi juu ya baraza, buibui limemkunjamana, anampiga picha paka. Tena paka mweusi.

Waliocheka hawakukosa haki yao. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjukuu tayari amempata, analala chini mchana kweupe mbele ya kiumbe ambaye wengine hawampiti usiku bila ya kusoma kisomo! Lakini safari ya kufika kwenye baraza lile ilikuwa ndefu, na ilianzia mahali ambapo hapana mtu aliyekuwa akilala chini: ilianzia ukumbini, kwenye harusi.

Upigaji picha si mgeni Zanzibar. Studio zilikuwapo tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, ambayo picha zake za zamani wageni na wenyeji huzijua, ilifunguliwa mwaka 1930. Ila kazi yenyewe ilikuwa ya wanaume, na harusi ya Kizanzibari ina pande mbili zisizokutana. Wanaume wana msikiti wao, nikaha yao na kahawa yao. Wanawake wana hina na piko, wana singo na udi, wana vikuba vya asumini na taarabu inayochelea usiku wa manane. Upande huo mwanamume hana njia. Kamera ilipoanza kutakiwa huko ndani, ilibidi ishikwe na mikono ya kike.

Mikono yake iliishika mwaka 1984. Kamera ilikuwa kuukuu, zawadi ya kaka yake baharia, na hapakuwa na mwalimu isipokuwa makosa. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, na familia nyingi ziliweza kulipia mikanda miwili tu. Hivyo usiku mzima wa shangwe, nyimbo na machozi ulipaswa kuingia katika mibonyezo sabini na miwili. Alijifunza kuitazama harusi kama mtu anayehesabu senti zake za mwisho. Alijua lini mama wa bibi harusi atalia, lini somo atamnong'oneza mwari, lini bibi mmoja wa makamo atasahau miaka yake na kuinuka kucheza.

Hata hivyo, kupiga ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuficha. Ndani ya ukumbi ule wanawake walivua mabuibui, nywele zikaonekana, mabega yakaonekana, kwa kuwa waliomo walikuwa wanawake watupu. Kila kilichoonekana humo kilikufa humo, isipokuwa kile kilichoingia kwenye mkanda. Na mkanda ulipaswa kusafishwa, na mwenye mashine ya kusafishia alikuwa mwanamume.

Basi ukawa na utaratibu wake. Hakumtuma mtoto wala hakuuacha mkanda dukani. Aliupeleka mwenyewe, akakaa juu ya kigoda pembeni mwa mashine mpaka kazi iishe. Mzee mwenye studio alikuwa mcha Mungu na alielewa. Negativu zenyewe zilikuwa na stara yake, kwani ndani yake kila kitu hugeuka: nywele nyeusi huwa mwanga mtupu, na uso unaojulikana huwa wa mtu asiyejulikana. Picha zilipotoka, mzee yule alizigeuza kifudifudi bila ya kuambiwa, akazihesabu kwa migongo yake, akazitia ndani ya bahasha. Negativu zilirudi pamoja na picha. Nyumbani ziliwekwa ndani ya sanduku la mkangazi, kila bahasha na jina la nyumba na mwaka wake, na ufunguo ulikaa shingoni mwa mwenyewe, kwenye uzi mmoja na hirizi ya marehemu mama yake.

Kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa mji ule walimlipa kwa mambo mawili: jicho lake na ufunguo wake. Pengine ufunguo ndio uliokuwa ghali zaidi.

Kamera za dijitali zilipokuja hakuzikataa; alinunua yake mwaka 2006. Kisiwa kilipokosa umeme kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, alipiga harusi kwa mwanga wa jenereta na karabai, na husema mpaka leo kwamba dhahabu haijapata kupendeza kama ilivyopendeza mbele ya karabai. Kilichomshinda kilikuwa kitu kidogo kuliko kamera. Kufikia mwaka 2010, karibu kila mwalikwa alikuwa na simu mkobani, na kila simu ilikuwa na jicho. Mlango aliokuwa akiulinda peke yake sasa ulikuwa na funguo mia mbili, na hakuna aliyejua zimo mikononi mwa nani.

Mwaka 2011 yakatokea yaliyokuwa hayana budi kutokea. Picha ya bibi harusi mmoja, kichwa wazi, mabega wazi, ilifika kwenye simu za vijana wa barazani kabla ya fungate kwisha. Wazee wa bibi harusi walimwita mpigapicha. Hawakumtukana, walimkaribisha, wakamtia kahawa, kisha wakamwonyesha. Aliitazama picha ile kwa muda, akaweka kidole juu ya kioo cha simu. Pale pembeni, nyuma ya bega la bibi harusi, alionekana mwanamke ameinama na kamera usoni. Alikuwa yeye. Aliyepiga alikuwa amesimama nyuma yake.

Wakasema wamefahamu, na ndimi zao zikamwomba radhi. Macho yao yalibaki mahali pale pale. Baada ya hapo alipiga harusi tatu. Ya tatu alirudi nyumbani saa nane za usiku, magoti yakimuuma, akaiweka kamera mezani na hakuichaji.

Ndipo likamjia lile sanduku. Alikuwa na watoto wanne, wote wanaume. Siku atakapofumba macho, ufunguo ule utavuliwa shingoni mwake na kutiwa mkononi mwa mwanamume, mtoto mwema, bila shaka, lakini mwanamume. Amana aliyoilinda miaka yote ingevunjwa na mauti yake mwenyewe. Akaamua kila bahasha irudi kwa mwenyewe.

Kazi hiyo ilimchukua miezi. Alizitia bahasha ndani ya kikapu, akazifunika kwa kanga, akazunguka nazo Malindi, Kikwajuni, Vuga, Mwembetanga. Wapo waliocheka kwa furaha wakaita wakwe zao waje watazame. Wapo waliokuwa wameshazikwa, na bahasha wakapewa mabinti zao. Wapo walioolewa, wakaachika, wakaolewa tena, na ambao mume wa sasa hakutakiwa kujua kuwa bahasha imeingia nyumbani. Kila mlango ulimfundisha kitu ambacho harusi hazikumfundisha: kwamba picha ya siku moja haizeeki pamoja na mtu, na kwa hiyo huja siku ikamwona mwenyewe kama mgeni.

Mkunazini alibisha kwa mwanamke aliyemvisha taji la asumini mbele ya kamera mwaka 1987. Ndoa ile ilikuwa fupi na kavu. Aliolewa mara ya pili, akafiwa. Binti yake mmoja aliolewa Muscat. Na sasa alikuwa akiishi na paka. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nayo jikoni, akaitumbukiza kwenye seredani. Negativu ziliungua kwa moshi mzito wenye harufu ya uchungu.

“Yule si mimi, shoga,” alisema alipoona mwenzake amesimama mlangoni amepigwa na butwaa. “Nilipakwa, nikavishwa, nikaambiwa nitazame chini. Sikumbuki hata nilikuwa nafikiri nini.” Kisha akaelekeza kidevu chake kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, alipokaa paka mweusi amejikunja mikono. “Ukitaka kunipiga picha, mpige yule. Yule ananijua.”

Ilikuwa ni mzaha, au nusu yake. Lakini kamera ilikuwamo kikapuni, maana mpigapicha hutembea nayo hata akiwa ameapa kuiacha. Akatoka, akalala kifudifudi juu ya baraza. Na hapo ndipo mji ulipomwona.

Picha za siku ile ziliharibika zote. Paka alitoka kijivu kama jivu la seredani. Kosa hilo alilijua, ila kwa upande wa pili. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui harusi wala paka. Kimetengenezwa kuamini kwamba mambo yote ya dunia, yakichanganywa, ni kijivu. Kikionyeshwa gauni jeupe hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na gauni hutoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa miaka ishirini na minane dawa yake ilikuwa kukikaidi, kufungua lenzi zaidi ya kinavyotaka, ili weupe ubaki weupe. Mbele ya paka mweusi kipimo kilekile hudhani mwanga ni haba, huongeza, na weusi hufubaa. Sasa alipaswa kufunga. Mkono wake ulizoea kufungua, na ulimchukua muda kuusahaulisha.

Yalikuwapo mengine ya kusahau. Bibi harusi huambiwa tazama huku, inua kidevu, tulia, paka haambiwi. Flashi haimfai, kwa kuwa nyuma ya jicho lake pana utando unaorudisha mwanga, na macho hutoka yakiwaka kama taa za gari. Kusimama na kumpiga kutoka juu humfanya aonekane kama kitu kilichodondoka. Ilimpasa ashuke mpaka macho yake yawe sawa na macho yake, akae kimya, angoje asubuhi ambapo jua huingia kichochoroni kwa dakika chache, kisha angoje tena mpaka paka asahau kuwa anangojwa. Mtu aliyezoea kukimbizana na usiku wa harusi aligundua kwamba hajawahi kungoja kitu chochote kwa hiari yake.

Alirudi Mkunazini mara nne. Mwenyeji alisharti jambo moja tu, kwamba yeye asitokee pichani. Na amana ikakubaliwa, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya nne paka alikuwa pajani, mwanga umemshukia ubavuni, na mkono wa mwanamke umelala juu ya shingo yake. Mpigapicha alipobonyeza, mkono uliingia. Ulikuwa mkono mkavu, hina imebaki kwenye ncha za kucha, na kucha ya dole gumba ina ufa wa zamani uliopita katikati. Alimwonyesha picha na kumwomba radhi. Mwenyeji aliitazama kwa muda mrefu. “Uache,” alisema. “Mkono si uso.”

Picha hiyo ilitundikwa ukutani, jirani akaiona, na jirani alikuwa na kasuku. Hivyo ndivyo kazi mpya ilivyoanza, bila ya bango wala kibali cha mtu.

Kiswahili hakina neno moja, lililokubalika na wote, la mnyama anayewekwa kwa mapenzi tu. Wafasiri huandika “mnyama kipenzi”, maneno yenye unadhifu wa kitabuni, ambayo hakuna ayasemaye anapomwita paka wake ale. Neno la watu ni kufuga. Hufugwa ng'ombe na njiwa. Hufugwa pia ndevu, nywele na kucha. Na asiyekwenda kutibiwa husemwa anafuga maradhi. Lugha haikuuliza kama kinachofugwa kinapendwa au kinatumika. Iliuliza tu kama kimeachwa kikue mikononi mwa mtu, na taabu yake ikakubaliwa. Wateja wake wapya walikuwa watu wa namna hiyo, nao hawakuona haja ya kuchagua baina ya faida na mapenzi.

Mwenye gari la punda alimleta mnyama wake alfajiri, akamfungua gari na kulisukuma mbali. “Na gari wanamwona kila siku,” alisema. Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa, na mbele kabisa ya paji la uso wake pana mahali asipopaona; anayemjia moja kwa moja hutoweka machoni pake, naye hushtuka. Mpigapicha alijifunza kusimama pembeni kidogo, aonekane, kisha anyamaze. Mjane mwenye kasuku alitaka picha ya ndege anayekohoa kikohozi cha marehemu mumewe. Kikohozi hakikuingia pichani, na wote wawili walilijua hilo, lakini picha ilipigwa. Wageni wanaoishi mjini walimlipa vizuri kwa paka wao waliookotwa mitaani. Majirani walimlipa kwa changu wawili, kwa embe, kwa dua. Mapato hayakufika nusu ya yale ya harusi. Usiku, lakini, alilala.

Mambo haya yana historia huko kwingine. Harry Pointer, wa mji wa Brighton nchini Uingereza, katika miaka ya 1870 aliuza picha za paka waliopangwa wafanye mambo ya watu, hata kunywa chai. Walter Chandoha aliokota kitoto cha paka kwenye theluji ya New York mwaka 1949, na kuanzia hapo paka wakawa kazi ya maisha yake mpaka alipofariki mwaka 2019. Yeye hakuhitaji kuwavisha mavazi. Mwanga nyuma ya manyoya ulimtosha. Mpigapicha wa Mji Mkongwe hakuwahi kuwasikia hawa wawili, lakini alipoletewa paka aliyevalishwa kilemba cha hariri, alikataa. Alisema amekwisha wapiga wa kutosha waliovishwa na wengine.

Watu wa dini nao hawakunyamaza. Paka ana cheo chake katika Uislamu. Maji aliyoyanywa si najisi, na sahaba Abu Huraira alipewa jina lenye maana ya baba wa kitoto cha paka. Picha ndiyo yenye mabishano. Mwalimu mmoja wa chuoni alimkumbusha, kwa upole, kwamba wanaozikataza picha hukataza za kila chenye roho, na paka ana roho kama bibi harusi. “Basi, Maalim, dhambi sikuiongeza,” alijibu. “Nimebadilisha mteja tu.” Maalim alicheka, na mwaka uliofuata alimletea mbuzi wake.

Mwaka 2016 mwanamke wa Mkunazini alifariki. Binti yake alikuja kutoka Muscat akakuta matanga yamekwisha. Alipekua kabati, akapekua mkoba. Palikuwa na picha ya kitambulisho, ndogo kuliko dole gumba, ambayo ndani yake marehemu alitazama kama mtu aliyekamatwa. Akaambiwa na majirani yupo mpigapicha aliyempiga siku ya harusi, na kwamba mpigapicha yule hakutupa kitu.

Alifika magharibi, macho yamevimba. “Shikamoo, Mama.” Aliitikiwa marahaba. Akaomba picha za 1987.

“Nilimrudishia mwenyewe,” alijibiwa. “Alizichoma mbele yangu.”

“Haukubaki hata mmoja?”

“Haukubaki, mwanangu.”

Binti alinyamaza, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake: “Ungeniwekea mimi.”

Hapakuwa na jibu. Yule aliyepigwa alikuwa na haki ya kuifuta sura yake, na amana haihesabiwi kuwa amana ikiwa inarudishwa nusu. Lakini aliyeachwa duniani naye ana haki yake, na haki hiyo haikuwapo mlangoni siku seredani ilipokuwa ikiwaka. Mpigapicha aliwaza baadaye, usiku huo na nyingine nyingi, kama angeficha japo kipande kimoja, kimoja tu. Kila mara alijibiwa na sura za wale wazee waliomtilia kahawa. Asingekuwa yeye. Na bado, jibu hilo halikumfuta binti machozi.

Akainuka, akaleta picha ya paka. Aliileta kwa haya, kama mtu anayempa mwenye njaa ganda la embe. Binti aliipokea bila ya kuitazama vizuri. Kisha kidole chake kikasimama juu ya ile kucha yenye ufa.

“Mbuzi ya nazi,” alisema. “Ilimkata mimi nikiwa na miaka sita. Nilikuwa nimemshika nguo.” Akainama juu ya picha, akalia kilio ambacho bila shaka hakukilia matangani.

Picha ilisafiri Muscat. Inasemekana imetundikwa sebuleni, ambako wageni wa kiume huketi bila ya kizuizi, na wote huuliza huyo paka ni wa nani. Paka mwenyewe hakusafiri. Alibaki Mkunazini, akilishwa dagaa na majirani na na yule aliyempiga picha, mpaka naye akafikia siku yake.

Mpigapicha sasa anakaribia miaka sabini, na magoti hayamruhusu tena kulala barazani. Hukaa juu ya kigoda kifupi na kungoja wanyama waje. Sanduku la mkangazi bado liko chumbani mwake. Ndani yake mna punda, mbuzi, kasuku na paka wasiohesabika, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo hata wajukuu huufikia.